Fundo la Nne

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la taulo, nikaambiwa sasa nimestaafu. Wenzangu wakanipa saa ya ukutani. Miaka yote niliyohitaji saa sikupewa. Leo sina pa kuwahi, ndiyo hiyo imekuja. Ahsanteni hata hivyo, inapiga vizuri.

Aliyenitia katika kazi hii ya kuandika ni Mariamu, yaya mpya wa hoteli, msichana wa Mikindani. Aliniambia, "Bi Rebeka, tuachie maneno. Wewe ukienda, nani atatwambia?" Basi naandika, ila vyeo nitaviruka. Mishahara nayo nitairuka, na kwa jinsi ilivyokuwa midogo, kuiruka si taabu.

Nilianza uyaya mwaka uliofuata kumalizika kwa vita vya pili, katika nyumba sita za makuti zilizokuwa ufuoni upande wa Likoni. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mrefu, kwa sababu alikuwa mrefu na kwa sababu jina lake halisi lilitushinda. Wazungu wa bara, wenye mashamba na wenye ofisi, walishuka na gari moshi pamoja na watoto wao, wakavuka kwa feri, wakakaa wiki tatu wakijiunguza jua kwa hiari yao. Watoto walihitaji mtu wa kuwatazama baba na mama wanapolala mchana. Mtu huyo ndiye mimi.

Siku ya kuandikwa, Bibi Mrefu alinitazama kutoka huko juu akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe jua bahari?"

"Naijua, memsabu."

Wallahi, kama asemavyo mwalimu wangu nitakayemtaja sasa hivi, sikusema uongo. Kwetu ni Rabai. Ukipanda mlimani nyuma ya kanisa waiona bahari asubuhi na jioni, utepe wa buluu kule mbali. Niliijua kama mtu amjuavyo jirani wa mtaa wa pili, kwa sura. Bibi Mrefu hakuuliza zaidi. Kwake yeye kila mtu mweusi wa pwani alizaliwa majini.

Asubuhi ya kwanza nilipewa watoto wawili, kapu la vyakula na mwavuli. Nikafika ufuoni saa nne, bahari iko mbali kabisa, mchanga mweupe umelala mtupu. Nikachagua pahali pazuri karibu na maji, nikatandika, nikakaa. Nilidhani mahali pa bahari ni pale nilipoikuta. Saa saba kapu langu lilikuwa likielea na mwavuli umekwisha kwenda zake, nami nimepanda juu ya jiwe na mtoto kila mkono, nikimwomba Mungu anisamehe.

Aliyeliokota kapu alikuwa mama mmoja mnene, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, anacheka hadi machozi. Huyo ndiye Bi Mwanatumu. Alikuwa yaya pale kabla yangu, miguu ikamsumbua, akahamishiwa kufua. Alikaa Bofu na kila siku alikuja kwa miguu, hiyo hiyo iliyomsumbua.

"Shikamoo, bibi," nikasema kule kule juu ya jiwe.

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi wewe?"

"Rabai."

"Na wamwambia mwenye nyumba waijua bahari?"

"Naijua."

"Haya, wewe waijua. Yeye bahari akujua?" Akanishusha kama ashushavyo mtungi. "Bahari haishi zinge, kila saa yageuka. Kesho njoo mapema nikufunze, usije ukaniulia watoto wa watu."

Sikilizeni basi, Mariamu na wenzio, mnaobandikiwa ukutani karatasi ya saa za maji. Bi Mwanatumu hakuwa na karatasi wala saa. Alihesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, na kupwa kwake kikomo ni karibu saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kama saa moja kasoro kidogo. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari imelegea, watoto wachanga waweza kuchezea ukingoni siku nzima. Na bamvua au si bamvua, ukiona povu limeuvuka mwamba kule nje, usibishane na mtu. Kusanya watoto.

Alinifunza na mengine. Yavuyavu, lile lidude laini la baharini liwashalo, likimgusa mtoto, usilisugue, mwagia siki. Akikanyaga vile vitu vyeusi vyenye miiba, pakaza utomvu wa papai bichi, umwambie na mama yake akae kimya maana kelele zake ndizo zinazomtisha mtoto. Mtoto aliyetoka majini mwoshe kwa maji ya kisima kwanza, ndipo umtie mafuta ya nazi. Ukianza na mafuta umempika na chumvi yake. Na kabla ya kulaza watoto, kung'uta shuka, kisha chungulia chini ya kitanda, kwani watoto wa bara wakimpata kaa humfanya ndugu. Siku moja nilimkuta kaa ndani ya kiatu cha bwana mmoja, nikakiacha vile vile. Bwana yule alikuwa na tabia ya kutuita kwa kupiga miluzi.

Lakini chombo cha kazi hasa kilikuwa leso. Bi Mwanatumu alishika pindo la leso yangu akasema, "Mato hudanganya. Watoto hawa wakivaa kofia zao wote ni mmoja, na wewe mwenyewe utasinzia, usijitie ushujaa. Kila mtoto akanyagapo maji, funga fundo moja. Akitoka, mshike mkono, ndipo ulifungue. Si kwa kumwona, kwa kumshika. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Rudia."

"Si kwa kumwona, kwa kumshika."

Nilifanya hivyo miaka miwili na sikupoteza hata kofia. Nikaanza kujiona. Nilifika hata kuwafunza Wazungu habari za mwezi, na mlima wa Rabai sikuutaja tena.

Sasa nije kwenye Krismasi ya mwaka wa tatu, kwa sababu huko ndiko ninakokwenda tangu mwanzo.

Nyumba ya mwisho walipanga watu wa shamba la huko juu bara. Baba alibaki na ng'ombe wake, angekuja siku ya Krismasi yenyewe. Mama tulimwita Mama Pita, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Pita alikuwa na miaka saba. Jeni alikuwa na mitano, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mama yake kwa vile alilelewa na yaya. Wa mwisho waliita Toto tu. Kama alikuwa na jina jingine, sikulisikia.

Nami nilikuwa na wangu. Kadzo, mwanangu wa pekee, alikuwa na miaka mitano pia, analelewa na hawe wake, yaani bibi yake, kule Rabai. Nilimwona mara moja kwa mwezi. Msinitolee macho, ndivyo ilivyokuwa kwetu sote. Bibi Mrefu alikuwa na sheria moja aliyoisema kwa ufasaha kuliko zote: mtoto wa mfanyakazi haingii kiwanjani, na akiingia, mama yake atoka naye. Alikwisha kumfukuza mpishi kwa sheria hiyo. Ningefukuzwa, ningerudi Rabai kulima mihogo, na Kadzo asingeiona shule niliyokwisha kumwahidi.

Wiki ile ya Krismasi hawe akashikwa na homa. Baba Kadzo, aliyekuwa akifanya kazi reli huko Changamwe, alinijia mlango wa nyuma, mtoto mkononi.

"Nimekuletea," akasema.

"Umeniletea? Huijui sheria ya hapa?"

"Naijua. Lakini mimi nalala na wanaume wanane chumba kimoja. Nimweke juu ya paa? Siku tano tu, mama Kadzo, hawe apate nafuu."

Nikamficha chumba cha kufulia, kwa Bi Mwanatumu, nyuma ya matenga ya nguo. Nikamwambia, "Kadzo, usitoke mpaka nikuite."

"Mpaka uniite," akasema.

Mwanangu alikuwa na adabu, mashallah. Siku tatu hakutoka. Alichungulia bahari kwa tundu la ukuta, na jioni akaniuliza, "Mama, maji yale nani huyajaza? Na nani huja kuyateka?" Kwao alijua mto, na maji ya mto hupita zake. Nikamwambia nitamwonyesha siku moja. Moyo uliniuma, nasema kweli. Mchana kutwa nawaogesha watoto wa watu bahari ile ile, na wangu anaitazama kwa tundu.

Siku ya nne ilikuwa bamvua. Mbele ya nyumba, maji yakipwa sana, lilijitokeza fungu la mchanga lenye jiwe moja kubwa katikati. Watoto waliliita kisiwa. Pita alikwisha kujitawaza mfalme wake, na hakuna aliyekanyaga bila kumpa kombe moja la chaza. Mama Pita akataka chai ya saa nne ikanywewe huko kisiwani.

Bi Mwanatumu alikuwa akianika shuka. Akaniambia, "Nenda, lakini povu likivuka mwamba, rudi. Usingoje Mzungu amalize kikombe."

Tukavuka, maji hayafiki magoti. Nilifunga mafundo matatu: Pita, Jeni, Toto. Nikatandika mkeka, nikamkalisha Toto chini ya mwavuli. Mama Pita akajifunika uso kwa kofia, akalala. Pita akawa anakusanya kodi yake. Jeni simwoni. Nikazunguka nyuma ya lile jiwe, na nani nimwone? Jeni na Kadzo, magoti kwa magoti, wanapika wali wa mchanga.

"Kadzo!" nikanong'ona. "Nani amekuita?"

"Mimi nilimwita," akasema Jeni, hana wasiwasi. "Nilimwona jana kwenye tundu. Leo nikamwambia njoo kisiwani, yeye akanifuata nyuma."

Kumbe Kadzo alitii. Alingoja kuitwa, akaitwa. Mimi jasho. Nikichungulia huku, Mama Pita amelala. Nikichungulia ufuoni, Bibi Mrefu yuko barazani kwake. Nikasema moyoni, wakiondoka wote nitabaki nyuma nikikusanya vyombo, nitamvusha wa mwisho, nimwingize kwa njia ya kisimani. Nikamwambia, "Kaa papa hapa nyuma ya jiwe. Usitoke mpaka nikuite."

"Mpaka uniite, mama."

"Na wewe Jeni, usimwambie mtu."

Jeni akaweka kidole mdomoni. Ahadi ile aliitunza vizuri mno.

Nimerudi mkekani hata sijakaa vizuri, Toto akapiga ukelele. Alikuwa ametambaa hadi kwenye kidimbwi, yavuyavu limemshika mguu. Mama Pita akaamka anapiga ukelele kumshinda mwanawe. Nikainua macho, na povu limekwisha kuvuka mwamba, linakuja kwa furaha zake. Basi ikawa chukua huyu, shika yule. Toto mgongoni mwangu analia sikioni, Jeni mkono wa kulia, Mama Pita amemkokota Pita, na Pita hataki kuuacha ufalme. Maji yalikuwa mapajani. Mwavuli tuliuacha, vikombe tuliviacha. Nilikuwa nikisema moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, hadi mchanga mkavu.

Bi Mwanatumu alitungoja na chupa ya siki. Nikamshika Pita mkono, nikafungua fundo. Nikamshika Jeni, nikafungua. Toto, nikafungua. Watatu, mafundo matatu. Nikashusha pumzi. Nilijipongeza, jamani, nasema haya ili myajue. Nilisimama pale nikajiona yaya hodari wa pwani nzima.

Jeni akanivuta gauni. "Yaya, sasa naweza kusema?"

"Useme nini?"

"Kadzo."

Nilitazama fungu, lilikuwa limebaki jiwe na mchanga kiasi cha mkeka mmoja. Mtoto haonekani. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia asitoke mpaka nimwite, na sikumwita.

"Kadzoooo!"

Sikujali Bibi Mrefu wala Krismasi. Nililitoa jina lile na roho yangu yote. Na pale pale akachomoza nyuma ya jiwe, maji magotini, kapu la vikombe ameliweka kichwani lisilowe.

"Abee, mama!"

Akaanza kuja. Ameitwa, anakuja, moja kwa moja katikati ya mkondo ambako hata mimi nisingegusa chini.

"Usije!" nikapiga kelele. "Simama hapo! Simama!"

Akasimama, maji kifuani. Mimi tayari nimeingia, na kuogelea sijui. Sikujua siku ile na sijui hadi leo. Nyuma yangu Bi Mwanatumu alikuwa amejitupa na yeye majini hadi kiunoni, miguu yake mibovu na yote, anapaza sauti: "Mkono wa kushoto, Rebeka! Fuata mwani! Penye mwani pana mgongo! Usimtazame mtoto, tazama mwani!"

Nikafuata weusi wa mwani chini ya maji. Yalifika kifuani, yakafika kwenye shingo, wimbi likanipita juu ya kichwa mara mbili. Nilikunywa bahari siku hiyo, tukajuana rasmi. Nilipomfikia nilimtia mabegani, naye akanishika kichwa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kapu.

"Mama," akaniambia huko juu, "maji yamejaa na sikumwona aliyeyajaza."

Nilicheka. Huku nalia, nilicheka.

Tulipotoka, wote wako ufuoni. Bibi Mrefu amesimama mbele, mikono kiunoni. Mama Pita alimfunika Kadzo taulo bila kuuliza kitu.

"Huyu toto ya nani?" akauliza Bibi Mrefu.

Ningeweza kusema ni wa jirani. Bi Mwanatumu alikwisha kufungua mdomo aseme ni mjukuu wake, nilimwona.

"Wangu," nikasema. "Ni mwanangu, anaitwa Kadzo. Nilimficha siku nne. Na leo nilimsahau kule."

Msitegemee hadithi ya Mzungu aliyelainika. Bibi Mrefu alisema mtoto aondoke kabla ya chakula cha mchana, nami nifuate kesho yake. Aliyeniokoa ni Toto, ambaye hakukubali kulala, kula wala kunyamaza bila mimi. Mama Pita akaenda barazani, wakasemezana Kizungu chao kirefu, na jioni nikaambiwa nibaki. Kadzo hakubakishwa. Baba yake alikuja kumchukua, akavuka naye kwa feri, ananipungia mkono mpaka akawa haonekani. Alirudi Rabai na kombe moja, mali ya mfalme Pita, aliyempa kwa heshima ya kuwa wa mwisho kuondoka kisiwani.

Nilikaa kwenye ngazi ya chumba cha kufulia nikalia kwa sauti. Bi Mwanatumu akanikalia ubavuni, nguo zake bado zimelowa. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha. Akavuta pindo la leso yangu, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Umewafunga wa watu, ukamsahau wako," akasema. "Mimi nami nimefanya hivyo, usidhani u wa kwanza. Wanangu walilelewa na shangazi yao. Hili la Kadzo, usilifungue mpaka siku utakayoacha kulea wa watu."

"Na siku hiyo nilifungue?"

"Umshike mkono kwanza. Au umesahau na hilo?"

Leso ile ilichakaa. Nilikata lile pindo lenye fundo nikalishonea leso nyingine, na nyingine baada yake. Wenzangu wengi mliniona nalo mkadhani ni hirizi, na mimi mwana wa kanisa! Bi Mwanatumu alifariki zamani, Mungu amrehemu. Nyumba za makuti zilivunjwa, hoteli ikajengwa, nikahamia huko kulea watoto walioletwa na magari badala ya gari moshi. Miiba ni ile ile na siki ni ile ile. Nilipopewa kazi ya kuchagua mayaya, sikumwuliza yeyote kama anaijua bahari. Niliuliza, "Una watoto? Wako wapi saa hii?" Mariamu alidhani namchunguza nimkatalie kazi, akasema hana. Ana wawili. Najua, na kile chumba kidogo cha nyuma chenye kitanda nilikipigania kwa ajili ya watoto kama hao. Kitumieni.

Ijumaa ile nilipokabidhi ufunguo, Kadzo alikuja kunichukua. Ni mwalimu sasa, ana watoto watatu na miwani. Askari wa lango akamwambia, "Ingia tu, mwalimu," naye akakataa, akasimama nje, nyuma ya nguzo. Nilitoka na sanduku langu na saa yangu ya ukutani, nikamwona kipande cha gauni.

"Kadzo!"

"Abee, mama."

Akaja. Nikaweka sanduku chini, nikamshika mkono, ndipo nikavuta pindo la leso. Lile fundo lilikuwa limekazwa na chumvi ya miaka yote ile, kucha zangu zikashindwa. Kadzo akavua miwani yake, akainama pale pale langoni mbele ya askari, tukalifungua kwa meno.